Kolwezi: Kabla ya a-b-c, mtoto wa maternele ajifunze kusikiliza

Mtoto wa miaka minne anayekaa Kolwezi anajua sauti nyingi kuliko wazazi wake wanavyofikiri. Anatofautisha pikipiki inayopita njiani na ile inayoingia ndani ya lupango. Anajua kamio lenye mzigo na lile linalorudi tupu. Anajua mashini ya kusaga mahindi, kengele ya kanisa, mvua inapoanza juu ya mabati, na mwiko unapogonga sufuria wakati bukari inakaribia kuiva. Hakuna mtu aliyemkalisha chini na kumfundisha hayo yote.

Lakini anapoingia maternele, yaani shule ya watoto wa miaka 3 hadi 5, ujuzi huo mara nyingi unawekwa pembeni. Anapewa daftari na kalamu, anaandika mstari mzima wa herufi «a», kesho yake mstari wa herufi «b». Mzazi anayelipa pesa za masomo anafurahi kuona daftari limejaa. Hata hivyo, watafiti wa mambo ya kusoma wameonyesha kwa zaidi ya miaka 40 kwamba mkono peke yake hautoshi. Mtoto anayeandika «m» vizuri bila kusikia sauti ya «m» ndani ya neno «mama» anachora tu.

Jambo hili si dogo katika inchi yetu. Mwaka 2022, Benki ya Dunia ilikadiria kwamba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo watoto 97 kati ya 100 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa andiko fupi la umri wao. Sababu ni nyingi: madarasa yaliyojaa, vitabu vichache, walimu wanaongoja mishahara, vita upande wa mashariki. Lakini sababu moja inaweza kushughulikiwa bila kungoja bajeti ya Kinshasa, kwa sababu haihitaji jengo wala kitabu. Ni kumzoeza mtoto kusikiliza sauti, kuzitambua na kuzitenganisha, kabla ya kumwonyesha herufi na wakati wa kumwonyesha.

Sikio linakomaa kwa ngazi

Mwaka 1974 huko Marekani, mtafiti Isabelle Liberman na wenzake waliwapa watoto mchezo mwepesi: kugonga meza mara moja kwa kila sehemu ya neno. Kundi moja liligonga silabi, lingine liligonga sauti moja moja. Kati ya watoto wa miaka minne, karibu nusu waliweza silabi, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza sauti moja moja. Mwisho wa darasa la kwanza, watoto 90 kati ya 100 waliweza silabi, na 70 kati ya 100 waliweza sauti moja moja.

Maana yake kwa mwalimu ni wazi. Mtoto mdogo anasikia neno lote kwanza, halafu silabi, na mwisho kabisa sauti moja moja. Anayemwanzisha mtoto wa miaka mitatu kwa herufi moja moja anampandisha ngazi kuanzia juu.

Mwaka 1983, Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford, Uingereza, walichapisha utafiti mwingine. Waliwafuata watoto karibu 400 waliokuwa hawajaanza kusoma, na 65 kati yao wakawekwa katika mafunzo ya vikao 40 kwa muda wa miaka miwili. Baadhi ya hao walifundishwa kupanga maneno kwa sauti: yapi yanaanza sawa, yapi yanamalizika sawa. Waliofundishwa hivyo, hasa waliounganisha sauti na herufi za plastiki, waliwashinda wenzao katika kusoma na kuandika.

Mfano unaofaa zaidi kwa maternele unatoka Bornholm, kisiwa cha Denmark. Ingvar Lundberg, Jørgen Frost na Ole-Peter Petersen waliwafuata watoto 235 wa darasa linalotangulia shule ya msingi. Kwa miezi minane, kila siku, watoto hao walicheza michezo ya kusikiliza kwa dakika 15 hadi 20. Hawakufundishwa kusoma. Michezo ya kwanza ilikuwa kufunga macho na kutaja sauti zinazosikika, kisha ikafuata ya maneno yenye mwisho unaofanana, halafu sentensi na maneno, silabi, na mwisho sauti moja moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1988: walipofika darasa la pili, watoto hao walikuwa mbele ya wenzao katika kusoma na kuandika.

Dakika 15 kwa siku, bila mashini wala daftari. Maternele ya Kolwezi inaweza kuzipata.

Michezo yenyewe ikoje?

Ngazi ya kwanza ni sauti za mazingira. Watoto wanakaa duara na kufunga macho. Mwalimu anatikisa funguo, anapasua karatasi, anamimina maji ndani ya kikombe, anagonga mlango. Watoto wanataja walichosikia. Wakishazoea, anafanya sauti mbili zikifuatana, kisha tatu, na mtoto anazitaja kwa mpango: kwanza funguo, halafu maji, mwisho mlango. Hapo mtoto anajifunza jambo atakalolihitaji siku atakaposoma: sauti zina mwanzo, katikati na mwisho, na ukibadilisha mpango umebadilisha kila kitu.

Ngazi ya pili ni kufananisha. Mwalimu anachukua makopo sita yanayofanana. Mawili anayatia maharagwe, mawili mchele, mawili mchanga safi, kisha anayafunga vizuri sana, maana mtoto mdogo hutia kila kitu mdomoni. Mtoto anatikisa na kutafuta makopo mawili yenye sauti moja. Katika mji wa shaba na kobalti lazima kusema pia: mawe ya mgodi na vyombo vilivyotumika mgodini visiingie darasani.

Ngazi ya tatu ni silabi. Hapa Kiswahili kinamsaidia mtoto sana, kwa sababu silabi zake ziko wazi na karibu zote zinamalizika kwa vokali. Darasa linapiga makofi: Ko-lwe-zi, matatu. Lu-a-la-ba, manne. Kisha majina ya watoto wenyewe, moja baada ya lingine. Mtoto anayesikia jina lake likipigiwa makofi na darasa zima halisahau somo hilo.

Ngazi ya nne ni maneno yanayofanana mwisho au mwanzo. Paka, kaka, taka: watoto wanaamka wakisikia neno linaloingia katika kundi hilo, wanabaki chini wakisikia «meza». Kisha sauti ya kwanza. Sombe, sukari, sabuni: zote zinaanza na «sss». Ni vizuri kuanza na sauti zinazoweza kuvutwa kama s, m, f na l, kwa sababu mtoto ana muda wa kuzisikia. Sauti za p, t na k zinakatika haraka, zinaweza kungoja.

Ngazi ya mwisho, kwa watoto wa miaka mitano, ni kuunganisha na kutenganisha. Mwalimu anasema polepole «m… a… m… a», na watoto wanagundua neno. Siku nyingine, yeye anasema neno na wao wanalikata. Mtoto aliyefika hapa anaweza kuonyeshwa herufi, na herufi hiyo itakuwa na kitu cha kushika.

Jambo moja lisifichwe. Kutambua sauti ya kuku na ya pikipiki peke yake hakumfundishi mtoto kusoma. Mchezo huo unamzoeza kutulia, kukaza sikio na kukumbuka mpango. Kinacholeta kusoma ni sauti za lugha. Mwaka 2000, jopo la wataalamu lililoundwa kwa ombi la bunge la Marekani lilipitia tafiti 52 juu ya jambo hili. Liliona kwamba mazoezi ya sauti yanasaidia, na yanasaidia zaidi yanapounganishwa na herufi. Mwalimu asibaki miaka mitatu kwenye funguo na makopo.

«Em-a-em-a» haisomeki «mama»

Katika maternele nyingi za mijini, herufi zinafundishwa kwa majina yake ya Kifaransa. Mtoto anaambiwa hii ni «em», hii ni «ka», hii ni «ash». Anaimba vizuri, mgeni anapiga makofi. Lakini siku ya kusoma, mtoto anajumlisha alichofundishwa: «em-a-em-a». Hiyo haitoi «mama». Kwa herufi «h» ni vigumu zaidi: jina lake ni «ash», na katika Kifaransa chenyewe mara nyingi haina sauti yoyote.

Kiswahili kina vokali tano, na kila moja inasomeka vilevile popote ilipo. Kifaransa kina vokali nyingi zaidi, zikiwemo zile zinazopitia puani kama katika «pain» na «bon», na maneno yake mengi yana herufi zinazoandikwa bila kutamkwa. Mtoto anayejifunza kukata maneno kwanza katika Kiswahili anajifunza kazi hiyo mahali ilipo nyepesi. Akishajua kwamba neno linakatika katika sauti, na kwamba herufi ni alama ya sauti, anaupeleka ujuzi huo kwenye Kifaransa. Kifaransa hakipotezi kitu.

Sheria nayo haikatazi. Katiba ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa, au lugha za mazingira, zitumike kufundishia katika shule ya msingi. Mradi wa ACCELERE!, ulioanza mwaka 2015 kwa pesa za Marekani na Uingereza, ulitengeneza vitabu vya kusomea vya madarasa ya kwanza kwa Kiswahili, Lingala na Tshiluba. Miradi ya namna hiyo inakuja na kwenda: shirika la USAID lenyewe lilifungwa mwaka 2025. Mchezo wa makofi unabaki, maana haukuletwa na mfadhili.

Kiswahili gani?

Swali hili linawasumbua walimu wa Lualaba, na wana haki. Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na wafanyakazi walitoka pande nyingi. Hadi leo, ndani ya lupango moja unaweza kusikia Kisanga, Kilunda, Kichokwe, Kiluba na Tshiluba. Kiswahili kiliwaunganisha, lakini ni Kiswahili cha Katanga, chenye sura yake. Mtoto anasema «batoto» pale kitabu kinaposema «watoto», «bitu» pale kinaposema «vitu», na «apa» pale kinapoandika «hapa».

Katika mchezo wa kusikiliza, mwalimu anayemkatiza mtoto kila mara ili amrekebishe anavunja mchezo. Lengo la siku hiyo ni sikio. Mtoto akisema «mutoto», apige makofi matatu: mu-to-to. Akisema «mtoto», ni matatu vilevile: m-to-to. Amesikia vizuri, na hilo ndilo lililotafutwa.

Baadaye, tofauti hizo zinakuwa somo zuri zenyewe. Mwalimu anasema «apa», kisha «hapa», na kuuliza ni nini kimeongezeka mwanzoni. Mtoto anayesikia pumzi ile ndogo ya «h» amesikia sauti moja moja, kitu ambacho watoto wa miaka minne katika jaribio la mwaka 1974 hawakuweza. Na amejifunza kwamba kuna Kiswahili cha nyumbani na Kiswahili cha kitabu, bila kuambiwa kwamba cha mama yake ni kibaya.

Mji wenye kelele

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba kelele za nyuma darasani zisizidi desibeli 35 wakati wa masomo. Hicho ni kipimo cha mahali patulivu sana. Kolwezi ni mji uliojengwa kando ya mashimo ya migodi, wenye makamio ya mizigo, baruti zinazopasua mawe, jenereta, na mvua ya masika juu ya mabati yasiyo na dari. Mtu mzima anayejua lugha anakisia neno ambalo hakulisikia vizuri. Mtoto mdogo hana akiba hiyo ya maneno. Sauti iliyozikwa na kelele imempotea.

Mwalimu hawezi kusimamisha kamio, lakini anaweza kuchagua saa. Mchezo wa kusikiliza ufanyike asubuhi kabla barabara haijachangamka, watoto wakae karibu naye, mlango wa upande wa njia ufungwe. Kelele ikizidi, igeuzwe kuwa somo: hiyo ni nini, iko mbali au karibu, inakuja au inaenda? Kwa mtoto anayevuka njia ya makamio kila siku, jibu la swali hilo ni kinga pia.

Mtoto «mkaidi» huenda hasikii

Michezo hii ina faida nyingine ambayo wazazi wachache wanaifikiria. Inamwonyesha mwalimu ni nani asiyesikia.

Shirika la Afya Duniani linasema karibu 60 kwa mia ya matatizo ya kusikia kwa watoto yanatokana na sababu zinazoweza kuzuiwa. Miongoni mwake ni usaha wa masikio usiotibiwa, surua, homa ya uti wa mgongo, na baadhi ya dawa zinazodhuru sikio zikitumiwa vibaya. Mtoto asiyesikia vizuri hajui kwamba hasikii. Anadhani watu wote wanasikia kama yeye. Darasani anaonekana mkaidi, mvivu au mwenye akili nzito. Anaadhibiwa kwa kutofanya jambo ambalo hakulisikia.

Katika mchezo wa macho kufungwa, mtoto huyo anaonekana mapema. Hageuki upande sauti ilikotoka. Anafungua macho ili aangalie wenzake wanafanya nini. Anajibu vizuri akiwa mbele na vibaya akiwa nyuma. Ishara hizo zikirudi siku kadhaa, hasa kama sikio linatoka usaha au mtoto ana mafua yasiyoisha, mzazi ampeleke kituo cha afya. Asimwagie mafuta ya moto wala kuingiza kijiti sikioni.

Kinachopotea mtoto asiposoma

Kwenye pwani ya Kenya, eneo la Kwale, mradi uliofanywa katika shule 101 kati ya mwaka 2010 na 2012 uliwafundisha walimu wa darasa la kwanza namna ya kuunganisha sauti na herufi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Baada ya semina, walimu walipata ujumbe mfupi kwa simu kila wiki wenye shauri moja la kutumia darasani. Watoto walisoma vizuri zaidi. Lakini kulikuwa na matokeo mengine: katika shule zisizosaidiwa, watoto 5.3 kwa mia waliacha shule. Katika zilizosaidiwa, 2.1 kwa mia. Mtoto anayeelewa kinachofanyika darasani ana sababu ya kurudi kesho.

Kolwezi inajua mtoto anayeacha shule anaenda wapi. Mwezi wa Januari 2016, Amnesty International na shirika la Kongo la Afrewatch walitoa ripoti juu ya kobalti ya eneo hili, wakikumbusha makadirio ya UNICEF kwamba watoto karibu 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo. Umaskini ndio unaowasukuma kwanza. Lakini mtoto aliyekaa darasani miaka mitatu bila kusoma neno moja ni mwepesi zaidi kusukumwa, na mzazi wake anaona hapotezi kitu.

Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ilifungua mlango wa shule ya msingi ya serikali. Kwa watoto wengi wa Lualaba, maternele imebaki jambo la wenye uwezo wa kulipa. Hao wengine wanaingia darasa la kwanza moja kwa moja kutoka nyumbani, kwa hiyo kazi ya sikio inaweza kuanza nyumbani pia. Mama anayechambua sombe anaweza kuuliza ni kitu gani kingine jikoni kinaanza na «sss». Kaka mkubwa anaweza kupigia makofi jina la kila mtu wa lupango. Bibi asiyejua kusoma anaweza kutega kitendawili na kumfanya mtoto asikilize hadi mwisho.

Kwa wenye maternele na wakaguzi wa shule, ombi ni dogo: watenge dakika 15 za kila asubuhi kwa sikio, na waache kupima kazi ya mwalimu kwa wingi wa kurasa zilizojaa. Mzazi naye, anapokuja kuchukua mtoto wake saa sita, badala ya kufungua daftari kwanza, amuulize: leo umesikia nini?